Namba za Mwalimu

Mwalimu alikataa katakata kukojoa hospitalini. Alisema mtu mzima hawezi kupita kwenye korido ameshika kikopo mbele ya watu aliowafundisha jedwali la kuzidisha. Kwa hiyo mkojo wake aliuleta kutoka nyumbani kwake Mtinko, ndani ya chupa ya maji iliyosuuzwa kwa maji ya moto na kuviringishwa gazeti, na juu ya gazeti alibandika karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu: jina lake, tarehe na saa. Hakuandika "asubuhi". Aliandika saa kumi na moja na dakika ishirini.

Mimi ndiye niliyezipokea chupa hizo. Nafanya kazi maabara, kwenye hospitali moja hapa Singida mjini, na kwa karibu miaka mitano dirisha langu lilikuwa mahali pa kwanza alipofika akishuka stendi. Alikuwa amenifundisha hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano hadi la saba. Jina lake sitalitaja. Hata alipokuwa hai sikuwahi kulitamka, nililisoma tu kwenye fomu. Kwangu alikuwa Mwalimu, na kwa watu wa Mtinko ilikuwa hivyo hivyo, ingawa shule ina walimu wengi na yeye alishastaafu.

Mbele za watu aliniita Mtaalamu. Tukibaki wawili aliniita mwanangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mtaalamu, chupa hii isikae juani. Na saa niliyoandika ndiyo yenyewe, usije ukaandika saa ya kupokea."

"Nitaandika zote mbili."

"Vizuri. Zote mbili."

Kuna wakati daktari alitaka mkojo wa siku nzima. Maelekezo ni kwamba mtu aumwage ule wa kwanza wa asubuhi, kisha kuanzia hapo akusanye wote mpaka asubuhi ya pili. Wagonjwa wengi hutuletea nusu yake, au hutuletea wa saa mbili wakaapa ni wa siku nzima. Mwalimu alikuja na dumu la njano la lita tano, lile lile ambalo sisi Singida tunawekea mafuta ya alizeti, limezungushiwa kipande cha gunia kilicholoweshwa maji ili lisipate joto njiani. Aliliweka mezani akabaki amesimama.

"Pale stendi," alisema, "mama mmoja ameniuliza nauza bei gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia haya hayauzwi. Akaniuliza kama yamechujwa. Nikamwambia ndiyo, yamechujwa na figo mbili."

Tulicheka maabara nzima, mpaka mwenzangu aliyekuwa kwenye hadubini akanyanyuka. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tumalize, halafu akauliza majibu yatatoka saa ngapi.

Sitaki mtu adhani alikuwa mzee wa mizaha. Shuleni tulimwogopa. Alikuwa na kibao kidogo cha mti chenye kamba, na aliyekutwa akiongea Kinyaturu darasani alivishwa shingoni mpaka amkamate mwingine. Nimewahi kukivaa siku mbili. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kinyaturu kuanzia kuamka, kwa hiyo ukifika shule ulimi unakuponyoka tu. Lakini huyo huyo mwalimu aliwahi kutembea na mwenzetu mmoja aliyevunjika mkono mpaka zahanati, jua la saa saba, akimwekea kofia yake kichwani, na njia nzima alimsimulia hadithi kwa Kinyaturu. Mwenzetu aliporudi na kutusimulia, hatukumwamini.

Miaka baadaye nilimsikia mwenyewe. Maumivu ya kongosho yakimshika mtu, hawezi kulala chali. Anakaa ameinama mbele, amekumbatia magoti, jasho linamtoka usoni kama amemwagiwa maji. Nilikwenda wodini kumtoa damu nikamkuta hivyo. Alikuwa anahesabu, polepole, kwa Kinyaturu, moja mpaka kumi, halafu anaanza tena. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alikuwa amekaa pembeni ameshika kitenge mdomoni. Nilifunga mpira kwenye mkono wa Mwalimu nikatafuta mshipa. Kazi yangu ni kuchukua damu. Maumivu siwezi kuyachukua.

Nieleze kipimo chenyewe, maana yeye angetaka kielezwe.

Tukiwa darasa la sita, siku moja aliingia na ugali baridi uliofunikwa kwenye bakuli. Alimpa kila mmoja donge dogo. "Tafuna, usimeze. Nitahesabu mpaka mia." Tulitafuna huku tukitazamana, mate yakitujaa mdomoni. Alipofika themanini hivi, ugali ukaanza kuwa mtamu. Watoto wakaanza kunyoosha vidole, hawawezi kusema kwa sababu wamejaza mdomo. Alidondosha dawa ya kidonda, ile ya rangi ya kahawia, kwenye ugali uliobaki kwenye bakuli, ukawa bluu nzito karibu na nyeusi. Kisha akamwambia mmoja wetu ateme alichokitafuna kwenye karatasi, akadondoshea pia. Ule haukubadilika sana. "Wanga umeondoka," alisema. "Umekuwa sukari. Kuna kitu kwenye mate yenu kimefanya kazi hiyo, na nyinyi mmekaa tu." Kitu hicho aliandika ubaoni: kimeng'enya.

Alipoanza kuumwa na mimi nikawa ndiye wa kumpima, nilimkumbusha bakuli lile. Nilimwambia kongosho nalo hutengeneza kitu hicho hicho, tunakiita amilesi, na hukimwaga kwenye utumbo kisaidie kuyeyusha chakula. Kongosho likiumia linavuja. Amilesi inaingia kwenye damu, na figo zinaichuja kwenda kwenye mkojo. Tunapima iko kiasi gani, ndipo tunajua kongosho limeumia.

Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyomsikiliza mwanafunzi anayeelekea kukosea.

"Kwa hiyo damu yangu ina mate?"

"Si mate, Mwalimu. Ni kitu cha ukoo mmoja na mate."

"Na namba ikishuka, nimepona?"

Nilimjibu ndiyo. Siku hiyo nilimjibu ndiyo bila kusita, maana kwa mgonjwa wa mara ya kwanza mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Tulivyokutana tena ni hivi. Aliletwa na mwanawe kwa bodaboda, siku ya tano tangu tumbo limshike. Siku zote hizo alikuwa zahanati na nyumbani, anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Daktari wetu alimshuku kongosho akaandika apimwe amilesi kwenye damu. Nilipima. Jibu likatoka la kawaida kabisa. Daktari akaandika vidonda vya tumbo naye, wakaanza kumwandalia dawa arudi nyumbani.

Nilikuwa nimeshika ile karatasi ninaitazama. Amilesi kwenye damu hupanda haraka na kushuka haraka. Siku tatu, nne, tano, imeshatulia. Ila kwenye mkojo huchelewa kuondoka, inaweza kukaa zaidi ya wiki. Nilijifunza hilo chuoni, nikajibu kwenye mtihani, na sikuwa nimewahi kulitumia. Nilikwenda kwa daktari nikasimama mlangoni.

"Daktari, tungempima na mkojo? Amekuja siku ya tano."

Daktari huyo alikuwa kijana, mwepesi wa kusikiliza. Alinitazama, akatazama fomu, akasema, "Mpime."

Siku hiyo tu alikubali kikopo, na amilesi ya mkojo ilitoka mara tano ya kiwango. Mwalimu akalazwa, akazuiwa kula, akawekewa dripu, na siku ya nne akaanza kuomba uji. Tangu hapo alimwambia kila mtu Mtinko, kanisani na mnadani, kwamba mwanafunzi wake ndiye aliyemwokoa, tena kwa mkojo. Watu walikuja mjini wakaniuliza kama ni mimi. Mama yangu alifurahi mno. Mimi nilijua sikumwokoa. Nilionyesha jina la kitu kilichokuwa kinamla, basi. Kitu chenyewe kiliendelea.

Kiliendelea kwa miaka. Kilimshika baada ya miezi mitano, kikamshika baada ya miwili, kikakaa kimya karibu mwaka mzima tukadhani kimekwisha, kikarudi. Daktari alimpeleka Dodoma kwa picha za tumbo. Alirudi na bahasha kubwa na maneno machache: kongosho limeanza kuwa na makovu, sababu haijaonekana. Hilo la sababu kutokuonekana lilimuuma kuliko sindano. Alikuwa mtu wa kusema jibu bila njia halina maksi. Aliwahi kunipa sifuri kwa jibu sahihi kwa sababu sikuonyesha nilivyolipata, na nililia mpaka nyumbani. Sasa mwili wake ulikuwa unampa majibu tu.

Akaanza kutafuta njia mwenyewe. Alinunua daftari la miraba, lile la wanafunzi, akawa anaandika kila alichokula, saa aliyokula, maumivu yalikuja saa ngapi, na namba nilizompa. Damu kwa kalamu nyekundu, mkojo kwa bluu. Alichora na grafu. Daktari alimkataza mafuta, akaacha mafuta, mtu ambaye shamba lake lote ni alizeti na mashine ya kukamulia iko mita mia kutoka mlangoni kwake. Alikula mlenda na ugali wa uwele, na viazi vya kuchemsha. Wageni wakija wakichinjiwa kuku, yeye alipewa mchuzi uliopoozwa, ukaenguliwa mafuta yaliyoganda juu.

Hata hivyo daftari lilikuwa na mambo ambayo hakumwambia mtu. Siku moja aliniachia nilitazame wakati anasubiri. Nikakuta pameandikwa: "Ngozi ya kuku, vipande viwili, jikoni, Mama hayupo." Na ukurasa mwingine: "Dawa ya mizizi, kikombe kimoja, saa mbili asubuhi. Chungu sana." Nikashangaa. Huyu ndiye aliyekuwa akituambia darasani kwamba tusimpe mtu chochote cha kunywa kama hatujui kina nini ndani.

"Mwalimu, umekwenda kwa mganga?"

"Nimekwenda. Nimeandika."

"Ilisaidia?"

"Ukurasa unaofuata."

Ukurasa uliofuata ulisema: "Hakuna tofauti." Chini yake, kwa maandishi madogo, akaongeza: "Lakini alinisikiliza saa nzima."

Mama Mwalimu naye alilisoma daftari hilo, maana siku ya ngozi ya kuku ilijulikana. Aliniambia hakumgombeza. Alisema mwanaume aliyeweza kumdanganya mkewe lakini akashindwa kulidanganya daftari, umgombeze uanzie wapi.

Nifike mahali ambapo nisingependa kufika.

Hapa kwetu, na nadhani kila mahali, ukisema kongosho, neno la pili ni pombe. Ni kweli pombe ni sababu kubwa. Kila daktari mpya aliyepangiwa kwetu alimuuliza Mwalimu swali lile lile, na kila mmoja alipojibiwa "situmii" aliandika kitu huku ametabasamu kidogo. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Enzi za shule aliwahi kwenda mwenyewe kilabuni kumtoa mtoto aliyeachwa na mzazi auze pombe siku ya mtihani. Sote tulilijua hilo. Lakini mtu akirudi mara ya tano, ya sita, na picha ya Dodoma haina jibu, moyo unaanza kutembea. Nilianza kumnusa. Nikiinama kumtoa damu, navuta pumzi. Sikuwahi kunusa kitu zaidi ya sabuni na jasho la barabara, lakini niliendelea.

Siku moja tulikuwa wawili chumba cha kutolea damu. Mkono wake ulikuwa tayari mezani, shati limekunjwa.

"Mwalimu, naomba nikuulize, na naomba uniambie ukweli. Hapa hakuna daktari. Unakunywa?"

Aliushusha mkono wa shati, polepole, akafunga kifungo. Kilimsumbua, nami nikaogopa kumsaidia.

"Ulikaa darasani kwangu miaka mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu."

"Haya."

Alichukua kofia yake akatoka. Chupa yake ilibaki mezani kwangu na gazeti lake. Niliupima ule mkojo. Ulikuwa juu.

Alikaa miezi saba bila kuja. Kila asubuhi nikifungua dirisha nilitazama upande wa lango. Nilijiambia nitapanda gari niende Mtinko nikaombe radhi, Jumamosi hii, Jumamosi ijayo. Sikwenda. Nilikuwa na aibu, na aibu inajua kutafuta shughuli: mara zamu, mara mtoto ana homa, mara mvua. Baadaye nilijua kwamba katika miezi hiyo alishikwa mara mbili, na mara zote mbili alitibiwa zahanati kwa dawa za vidonda vya tumbo, kwa sababu alimkataza mwanawe kumleta mjini.

Aliyevunja ukimya ni Mama Mwalimu. Alikuja peke yake, akasimama dirishani kama mgonjwa.

"Hanywi," alisema kabla sijamsalimia vizuri. "Nimelala naye miaka arobaini na moja. Hata dawa ya kikohozi anainusa kwanza. Wewe mwanangu ulimuuliza nini?"

Nilimweleza. Watu nyuma yake walianza kusogea.

"Nitamleta," alisema. "Lakini usimwombe radhi. Ukimwomba atajua mimi nimesema."

Alimleta wiki ile ile. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Chupa, gazeti, kalamu nyekundu, kama kawaida. Niliapa nitanyamaza kama nilivyoambiwa, lakini nilipofunga mpira mkononi mwake ikanitoka tu.

"Mwalimu, nisamehe kwa lile swali."

"Kuuliza si kosa," alisema, anatazama ukutani. "Kosa ni kwamba ulikuwa na jibu kabla ya kuuliza. Choma."

Hatukulizungumza tena. Sijui kama alinisamehe. Aliendelea kuniita mwanangu, lakini tangu siku hiyo, kila nilipomwambia jambo, aliniuliza nimejuaje.

Kisha vitendanishi vya kipimo vikaisha. Zile ni dawa ambazo mashine inazihitaji ili isome amilesi. Bila hizo mashine ni sanduku linalowaka taa. Zilikuwa zimeagizwa, tuliambiwa ziko njiani, na hatukujua njia hiyo inapita wapi. Mwalimu aliendelea kuja na chupa yake.

"Hatuna, Mwalimu. Bado."

"Pokea tu. Labda zitafika leo mchana."

Nilipokea. Niliandika zote mbili, saa yake na saa yangu. Niliweka chupa kwenye friji, na baada ya siku kadhaa nikaumwaga mkojo kwenye sinki nikafungulia maji. Nilifanya hivyo zaidi ya mara tatu. Kwenye daftari lake sehemu hiyo ya grafu alichora mstari wa vitone, na pembeni akaandika: "Haijulikani." Siku hizo tumbo lake halikuwa linauma sana, ndiyo maana hakuna aliyehangaika. Alisema anajisikia nafuu. Kula alikuwa anakula, lakini kilo zilikuwa zinashuka, na Mama Mwalimu alininong'oneza kwamba choo chake kimekuwa na mafuta, kinaelea, maji hayakiondoi. Na anaamka kukojoa kila saa.

Nilipoyasikia hayo nilijua kongosho lenyewe linakufa. Sikuwa nimepima chochote, lakini nilijua.

Alifariki mwaka jana, alizeti zikiwa zimekatwa zimelazwa uani zikauke. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake, nikachambua mchele. Wanafunzi wake wa zamani walijaa mpaka barabarani, wengine wazee wenye mvi. Lakini siku inayonijia kila nikiona kalamu nyekundu si ile ya msiba. Ni ile ya baada ya vitendanishi kufika, miezi minne kabla ya msiba.

Nilimpigia simu mwenyewe. Alikuja na mkewe siku ya pili asubuhi, amevaa koti lake la mahafali, lile la kahawia, ambalo sasa mabega yake yalikuwa yameanguka mpaka karibu na viwiko. Suruali ilishikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya. Nilichukua damu, nikapokea chupa. Akakaa kwenye benchi la korido pamoja na wengine.

Amilesi ya damu ilitoka thelathini na mbili. Kiwango cha kawaida kwenye mashine yetu kinaanzia thelathini. Ya mkojo nayo ilikuwa ndani ya kiwango, kwa chini. Kwa miaka mitano sikuwahi kuona namba zake zote mbili ziko chini hivyo akiwa amekuja mgonjwa. Nikapima na sukari, kwa sababu ya kukojoa kule. Sukari ilikuwa kumi na tisa, wakati ya mtu mwenye afya haifiki nane.

Nilibeba karatasi mwenyewe mpaka kwa daktari. Ni daktari yule yule kijana, sasa amenenepa kidogo. Alizisoma, akavua miwani.

"Kongosho halivuji tena," alisema.

"Halina cha kuvuja," nilisema.

"Ndiyo. Limeungua lote. Hata insulini halitoi." Alivaa miwani tena. "Niitie waingie. Nitamwambia."

Walikaa ndani karibu nusu saa. Najua alimweleza, kwa sababu ni daktari mwangalifu. Nilimwona Mwalimu akitoka ameshika cheti cha sindano za insulini, na Mama Mwalimu nyuma yake amebeba kofia. Hakwenda dirisha la dawa. Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nimetoka kuita mgonjwa anayefuata, nimesimama mlangoni, glavu mkononi.

"Mtaalamu. Daktari amesema maneno mengi, sukari, sindano, chakula. Mimi nauliza kitu kimoja. Amilesi ni ngapi?"

"Hajakuambia, Mwalimu?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayepima."

Watu wa benchi walikuwa wanatutazama.

"Ya damu ni thelathini na mbili."

"Na mkojo?"

"Nao uko ndani ya kiwango."

Alitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akaliegemeza ukutani, akafunua ukurasa wa grafu. Akatafuta mahali. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Akaweka nukta nyekundu, akaweka nukta ya bluu, akaziunganisha na ule mstari wa vitone. Mistari yote miwili ikashuka mpaka chini, ikalala pale ambapo kwa miaka mitano alitaka ilale.

"Imeshuka," alisema.

"Mwalimu, kuna jambo kuhusu hiyo namba. Haikushuka kwa sababu…"

"Imeshuka au haikushuka?"

Alikuwa ananitazama machoni. Sijui mpaka leo alikuwa ananizuia au alikuwa anauliza kweli. Mtu aliyeniuliza mara nyingi nimejuaje, siku hiyo hakuniuliza nimejuaje. Nyuma yake Mama Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana. Sikujua ananiambia nisiseme, au anamsikitikia.

"Imeshuka, Mwalimu."

"Sema kwa sauti, mama yako asikie vizuri."

"Imeshuka."

Akamgeukia mkewe, akanyanyua daftari juu kwa mikono miwili, kama anaonyesha darasa zima. Mama Mwalimu alilitazama lile daftari, akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Halafu akapiga kigelegele. Kilikuwa kifupi, na sauti ilikatika katikati, lakini korido nzima ikageuka. Mzee mmoja wa benchi akauliza kuna nini, mwingine akamjibu kwamba Mwalimu amepona, na watu wasiomjua wakaanza kupiga makofi.

Yeye akiwa katikati yao, anacheka, koti limemzidi, aligeuka akanitazama mimi. Nami nikapiga. Glavu zilikuwa bado mkononi, makofi yangu hayakusikika.